Casio fx-82MS kwa maswali ya kurusha vitu: kinatosha, ila kikikosewa hakipigi kelele

Ukiulizia kalkuleta ya sayansi katika maduka ya vitabu ya katikati ya Nairobi, au kwenye vibanda vya Luthuli Avenue, mara nyingi utawekewa Casio fx-82MS mezani kabla hujamaliza kueleza unachotaka. Ni kile kikokotoo cha skrini ya mistari miwili: juu hesabu uliyoandika, chini jibu. Bei yake iko chini ya ndugu zake wa mfululizo wa ES, na kwa kuwa hakiprogramiki wala hakitoi sauti, sheria za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, zinakiruhusu. Hapa tunakipima kwa kazi moja tu, maswali ya mwendo wa vitu vilivyorushwa. Swali moja la aina hiyo linaweza kudai sini, kosini, vipeo, kipeuo cha pili, mabano, memori na pembe ya kinyume, yote kabla ya mstari wa mwisho. Kikokotoo chenye kasoro kitaumbuka hapo, na mtumiaji mwenye kasoro vilevile.

Uamuzi tuutoe mapema ili mwenye haraka aende zake: kwa mwanafunzi wa sekondari, na hata wa mwaka wa kwanza chuoni, fx-82MS kinatosha. Tatizo lake ni kwamba ukikosea namna ya kuandika hesabu, kinakupa namba yenye sura ya jibu. Hupati onyo lolote.

Swali la kupimia ni hili. Mpira unapigwa kutoka usawa wa ardhi kwa kasi ya 20 m/s, pembe 35° juu ya mlalo. Ukinzani wa hewa hauhesabiwi, na g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ni 9.81 m/s². Majibu sahihi: mpira unakaa hewani sekunde 2.34, unafika kimo cha mita 6.71, na unaanguka mita 38.32 kutoka ulipopigwa. Shika namba hizo tatu, tutazirudia.

Tuanze na kitufe ambacho wengi wanamaliza shule bila kukigusa. Pol( kiko karibu na mishale ya skrini, na juu yake, kwa rangi ya SHIFT, pameandikwa Rec(. Kazi ya Rec( ni kuchukua kasi na pembe na kuzigawa kuwa kijenzi cha mlalo na kijenzi cha wima, yaani hatua ya kwanza ya kila swali la kurusha. Bonyeza SHIFT, Pol(, 20, kitufe cha mkato, 35, funga mabano, kisha =. Skrini inaonyesha 16.3830, ambayo ni kasi ya mlalo. Bonyeza RCL kisha F, unapata 11.4715, kasi ya wima. Kikokotoo chenyewe kimeshaiweka ile ya kwanza kwenye memori E na ya pili kwenye F, kwa tarakimu zake zote.

Kuanzia hapo hakuna haja ya kuandika namba ndefu tena. Muda hewani: 2, ALPHA F, ÷, 9.81, =, unapata 2.3387. Usifute. Bonyeza × ALPHA E =, na kwa kuwa kikokotoo kinaanza na Ans, yaani jibu lililotangulia, unapata masafa: 38.3157. Kimo: ALPHA F, x², ÷, 19.62 (yaani 2 × 9.81), =, unapata 6.7072. Hakuna ulipokata tarakimu njiani. Anayeandika 16.4 na 11.5 kwenye karatasi na kuendelea nazo atapata masafa ya mita 38.45, sentimita 13 zaidi, na mwalimu mkali wa tarakimu atamkata alama.

Tahadhari moja: E na F hazikai milele. Ukitumia Pol( au Rec( tena katika swali hilohilo, zinaandikwa upya. Kama utazihitaji baadaye, zihamishie A na B kwanza: RCL E, SHIFT, STO, A, na vivyo hivyo kwa F.

Sasa mitego, na hapa hatutaharakisha.

Mtego unaojulikana zaidi ni herufi ndogo iliyo juu ya skrini: D, R au G. D ni digrii, R ni radiani, G ni gradi. Kila mtu ameonywa kuhusu R, lakini wachache wameonyeshwa jinsi majibu yake yanavyofanana na ukweli. Chukua swali letu, tumia fomyula ya masafa, u² sin 2θ ÷ g, ambapo u ni kasi ya kurusha na θ ni pembe. Kwenye D unapata 38.32. Kwenye R unapata 31.56. Kwenye G unapata 36.33. Zote ni chanya, zote ni mita thelathini na kitu, hakuna hata moja ambayo ingemshtua mtahiniwa aliyechoka. Ukitumia Rec( badala ya fomyula, R angalau inajifichua: kijenzi cha mlalo kinatoka na alama ya kutoa, kana kwamba mpira umerudi nyuma. G haijifichui hata hapo.

Dawa ni sekunde tatu kabla ya swali la kwanza: sin 30 =. Ukiona 0.5, endelea. Ukiona −0.988, uko kwenye radiani. Ukiona 0.454, uko kwenye gradi. Kurekebisha, bonyeza MODE mara mbili, kisha 1. Kama kikokotoo ni cha kuazima na hujui mwenyewe alikichezea vipi, SHIFT, CLR, 2, = inarudisha modi zote mahali pake pa kiwandani. Kukizima na kukiwasha hakusaidii, maana modi inabaki ilivyokuwa.

Mtego wa pili ni mbaya kuliko huo, na unahusu mfululizo wa MS peke yake. Kwenye fx-82MS, x² hutangulia sin. Ukiandika sin 35 x², kikokotoo kinapiga 35² kwanza, kinapata 1225, halafu kinatafuta sini ya digrii 1225. Anayetafuta kimo kwa fomyula u² sin²θ ÷ 2g anafanya kosa hili bila kujua. Kwa pembe ya 30 anaokolewa: 30² ni 900, sini ya digrii 900 ni sifuri, na mpira wenye kimo sifuri unamshtua mtu yeyote. Lakini angalia 35. Ukiondoa mizunguko mitatu kamili ya 360 kutoka 1225 unabaki na 145, na sini ya 145 ni ileile sini ya 35. Kwa hiyo kikokotoo kinakupa 0.5736, yaani sin 35 isiyo na kipeo chochote, badala ya 0.3290. Kimo kinatoka mita 11.69 badala ya 6.71. Unaweza kuhakiki sini mara kumi, itakuwa sahihi mara kumi, na jibu litabaki kosa. Andika (sin 35)², mabano yazunguke yote, au tumia F² ya Rec( na uachane na fomyula hiyo kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo ya nani anatangulia, sin 2 × 35 kwenye MS ni sini ya 2 halafu mara 35, jibu 1.22. Hilo lina rehema, kwani sini haivuki 1. Iandike sin (2 × 35), au sin 70 moja kwa moja. Na √ 2 × 0.8 ÷ 10 haimaanishi kipeuo cha yote. Inamaanisha kipeuo cha 2, mara 0.8, gawa kwa 10, ambayo ni 0.113. Mabano yakiwepo jibu ni 0.4. Swali hili la mwisho si la kubuni tu: ndio muda wa kitu kinachoteleza kutoka meza ya sentimita 80 kwa g ya 10, na mtu anayeandika sekunde 0.113 atapata kasi karibu mara tatu na nusu ya ile ya kweli.

Kisha kuna ÷ 2 × 9.81. Kikokotoo kinaenda kushoto hadi kulia: kinagawa kwa 2, halafu kinazidisha kwa 9.81. Ulitaka kugawa kwa 19.62. Cha ajabu ni kwamba ukiweka 9.81 kwenye memori A na kuandika ÷ 2A, bila alama ya kuzidisha, MS inaichukua 2A kama kitu kimoja na jibu linatoka sawa. Ni tabia iliyoelezwa kwenye kijitabu chake cha maelekezo, lakini tusingemshauri mtu aitegemee ndani ya chumba cha mtihani. Weka mabano. Hayatozwi ushuru.

Wanaodhani kununua ES kunawaondolea haya yote wasubiri. Kwenye fx-82ES PLUS na fx-991ES PLUS, ukibonyeza sin, mabano yanafunguka yenyewe, kwa hiyo ule mtego wa 1225 haupo. Badala yake umekuja mwingine: usipoyafunga, kila kinachofuata kinaingia ndani. Andika 2 × 20 sin(35 ÷ 9.81 na jibu ni 2.49. Muda sahihi ni 2.34. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba hutaiona kwa macho. Aliyehama kutoka MS kwenda ES hulikosea hili kwa sababu vidole vyake vilizoea kutofunga.

Pembe za kinyume nazo zina lao. Swali la kawaida: kwa kasi hiyohiyo ya 20 m/s, elekeza mpira uanguke mita 30 mbali. Unahitaji sin 2θ = 30 × 9.81 ÷ 400 = 0.73575. SHIFT sin inakupa 47.37, nusu yake ni 23.69°. Kikokotoo kimemaliza kazi yake, wewe hujamaliza. Pembe ya pili ni 90 toa 23.69, yaani 66.31°, na hakuna kitufe kitakachokukumbusha. Ukibadilisha mita 30 kuwa 45, skrini inaandika Ma ERROR. Wengi wanafuta na kuanza upya, mara tatu, dakika zinakwenda. Hilo si kosa la mashine. Umeiomba pembe ambayo sini yake ni 1.10, nayo haipo, na maana yake kifizikia ni kwamba mpira wa 20 m/s hauwezi kufika mita 45 kwa pembe yoyote, kwa sababu mwisho wake ni 400 ÷ 9.81, mita 40.77, kwa pembe ya 45°. Kwenye swali linalouliza "je, mpira utafika?", Ma ERROR ndiyo jibu. Kinachobaki ni kulieleza kwa maneno.

Mahali ambapo fx-82MS kinaachwa nyuma kweli ni swali la kurusha kutoka juu. Mpira uleule, 20 m/s kwa 35°, lakini sasa kutoka paa la mita 12. Fomyula ya masafa haifai tena, kwani ni ya kitu kinachotua usawa uleule kilipoanzia, na anayeitumia hapa anaandika 38.32 akiwa na amani kabisa moyoni. Unahitaji muda kutoka mlinganyo wa kipeo cha pili, 12 + 11.4715t − 4.905t² = 0. MS haina modi ya milinganyo. Unaandika mwenyewe: (F + √(F² + 2 × 9.81 × 12)) ÷ 9.81, unapata sekunde 3.1223, mara E, masafa ni mita 51.15. Ni mstari mmoja, na ukiuzoea hauna shida. Lakini una mabano mawili yaliyopandana, na hapo ndipo wanafunzi humwaga maji.

fx-991ES PLUS inafanya kazi hiyo kwa MODE 5, kisha 3: jaza −4.905, 11.4715 na 12, inatoa majibu mawili, 3.12 na −0.78. Hilo hasi si uchafu. Ni muda ambao mpira ungekuwa usawa wa ardhi kabla ya kurushwa, kama njia yake ingeendelezwa kurudi nyuma. Liache. Kosa la kawaida kwenye modi hii ni alama: mtu anaandika 4.905 chanya, na majibu yanatoka na i pembeni, namba changamano. Ukiona i kwenye swali la mpira, angalia alama ya kwanza uliyojaza.

Kasi ya kutua ndipo Pol( inalipa deni. Kwa swali la paa, kasi ya wima wakati wa kugonga ardhi ni 19.158 kwenda chini. Pol( 16.383, −19.158 ) = inatoa 25.21 m/s, na RCL F inatoa −49.46, yaani digrii 49.46 chini ya mlalo. Alama ya kutoa iandike kwa kitufe cha (−). Uhakiki upo karibu: 20² + 2 × 9.81 × 12 ni 635.44, na kipeuo chake ni 25.21. Vikikubaliana, njia yote uliyopita ni safi. Kwenye ES, Pol( na Rec( ziko kwa SHIFT + na SHIFT −, na majibu yanahifadhiwa kwenye X na Y, si E na F.

fx-82ES PLUS, yule wa katikati, ana jambo moja ambalo linamfanya asidharauliwe: modi ya TABLE, MODE 3. Andika y ya njia ya mpira, X tan(35) − 9.81X² ÷ (2 × (20cos(35))²), anza 0, maliza 40, hatua 2, na unapewa nukta 21 za kuchora grafu bila kuhesabu hata moja kwa mkono. Kwa X ya 10 utaona 5.17, kwa 20 utaona 6.69, kwa 38 bado 0.22, kwa 40 imeshakuwa hasi, kwa hiyo mpira ulitua kati ya hizo mbili. Mwisho wake ni safu 30, hivyo usiombe hatua ya 1 kwa mita 40. fx-991ES PLUS ina modi hiyo pia, MODE 7, pamoja na orodha ya namba thabiti: SHIFT 7, kisha 35, ni g ya kawaida, 9.80665.

Na hapo kwenye g, kidogo. KCSE hutumia 10, vyuo vingi 9.81. Nairobi, iliyo karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,800, ina g ya karibu 9.78. Mpira wetu ungetua 37.59 kwa g ya 10, 38.32 kwa 9.81, na 38.43 kwa g ya hapa nyumbani. Sentimita 11 hizo hewa inazimeza mara nyingi zaidi, kwa hiyo usizigombanie. Kugombana na karatasi iliyosema 10 ndiko kunakoleta hasara: anayetumia namba thabiti ya kitufe wakati swali limetoa 10 anapata jibu ambalo mwongozo wa kusahihisha hauna.

Kwa silabasi ya 8-4-4, mada ya mwendo mnyoofu ya kidato cha tatu inadai kitu kinachorushwa wima au kwa mlalo, si kwa pembe, hivyo kipeuo, kugawa na kuzidisha vinatosha. Mzazi asisukumwe kununua 991 kwa ajili ya hilo. Anayeingia mwaka wa kwanza wa uhandisi au fizikia, huyo anunue 991ES PLUS moja kwa moja na aruke hatua ya katikati, maana modi ya milinganyo ataitumia hadi amalize. Ina sola na betri ndogo ya kifungo. fx-82MS haina sola, na skrini yake ikianza kufifia, badilisha betri kabla ya wiki ya mtihani, si asubuhi yake.

Kalkuleta za kuiga zipo sokoni, zenye herufi na namba zilezile kwenye kifuniko. Badala ya kukagua rangi ya kava, kipime mbele ya muuzaji. Bonyeza MODE mara mbili, lazima zije Deg, Rad, Gra. Piga sin 30, ije 0.5. Piga SHIFT Pol( 2 , 60 ) =, ije 1, kisha RCL F, ije 1.732050808. Weka 5 kwenye A, kisha 1 ÷ 2A, ije 0.1. Ikija 2.5, mashine hiyo haifuati mpangilio wa MS, na kila tulichoeleza hapo juu kuhusu nani anatangulia hakitakusaidia. Bonyeza kila kitufe mara tano kwa haraka, hasa =, 5 na SHIFT. Kinachokwama au kuandika mara mbili kiache hapo hapo kaunta.